Balozi Hajakaa

Balozi wetu wa nyumba kumi hakuwa mtu wa kukaa. Alikuja, akapiga hodi, akasimama mlangoni ameshika mwimo kwa kiganja, akasema alichotumwa, akaenda zake. Ukimletea kigoda alikitazama tu. Mgeni aliyehamia karibuni angeweza kudhani ana majivuno, au ana jipu mahali pabaya. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba kusimama kwake kulikuwa nafuu yetu. Habari aliyoisema amesimama ilikuwa ya kuletwa: imetoka ofisini, au redioni, au kwa mtu aliyekutana naye njiani. Habari aliyoiona yeye mwenyewe kwa macho yake aliisema amekaa. Alivuta kigoda, akakaa, akaomba maji, akayanywa yote, ndipo akasema. Hakuna aliyemfundisha hivyo, na sijawahi kumwona mwingine akifanya hivyo Bugarama nzima. Ilikuwa desturi ya mtu mmoja, nasi wa nyumba zake tukaizoea mpaka tukaiona kama sheria.

Kwa hiyo ikisemwa kwamba Balozi amekaa kwa fulani, majembe yalisimama. Aliwahi kukaa kwa jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mchana wa jua kali, tukiwa tumeanika mtama. Mume wa yule mama alikuwa ameangukiwa na mti huko porini, na Balozi alikuwa miongoni mwa waliomkuta. Tulianza kushuka kutoka mashambani kabla kilio hakijatoka. Baadaye yule mama alinisimulia kwamba alipoona kigoda kinavutwa alisema, "Hapana, baba, simama. Simama kwanza." Balozi akakaa.

Alikuwa mfupi, na koti lake la kaki halikumtoka mvua wala kiangazi. Miguuni alivaa makatambuga ya tairi yaliyolia kabla mwenyewe hajatokea. Mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga ambazo hakumgawia mtu. Alizaliwa wapi na nani, sijui, na sikuhangaika kujua. Akiulizwa alijibu, "Inasemekana nilizaliwa nyuma ya kilima kile. Nilikuwepo, ila sikuwa naangalia."

Maneno yake ya kuletea habari yalikuwa na uzito tofauti, na aliyapima kama mwenye duka apimavyo chumvi. "Inasemekana" alilitumia pale ambapo habari haina mwenyewe, inaelea tu sokoni. "Nasikia" lilikuwa na mwenyewe, lakini Balozi hatamtaja. "Nimeambiwa na fulani" lilikuwa na jina, na ukitaka alikupeleka kwa huyo fulani mkaulizane. "Eti" alilisema midomo imepinda, na baada yake alitema mate pembeni. Na kule mwisho kabisa, mbali na hayo yote, kulikuwa na kigoda. Wanawake wa kisimani tulimtania. Mmoja wetu alimwambia siku moja, "Balozi, inasemekana mkeo amepika maharage na ndizi."

"Hilo si la kusemekana," akajibu, na akaketi juu ya ndoo yangu niliyoifudikiza. "Nimeyaona."

Wakati wa kuhamishiwa vijijini yeye ndiye aliyekuwa akigeuza maneno ya wakubwa. Mikutano ilikuwa ya Kiswahili, na wazee wengi wa kwetu Kiswahili kilikuwa kinawapita juu ya kichwa. Mkubwa akisema jambo, Balozi alilirudia kwa Kihangaza, lugha yetu, na kila jambo alilianzisha kwa "ngo", kineno chetu cha kumjulisha msikilizaji kwamba haya si yangu, nimeyapokea. Ngo tutahama. Ngo tutalima pamoja. Ngo bomba la maji litakuja. Yule mkubwa hakujua Kihangaza, lakini masikio alikuwa nayo. Akauliza kwa ukali, "Kwa nini kila mahali unaweka ngo, ngo?"

Balozi akatugeukia. "Ngo anauliza kwa nini ninasema ngo."

Tulicheka hadi tukafuta machozi, siku ile ambayo wengi wetu tulikuwa tumekuja kuambiwa tuache migomba ya baba zetu. Mkubwa naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Kesho yake tulianza kubomoa nyumba, na Balozi alibomoa ya kwake kwanza.

Habari ya bomba aliibeba muda mrefu amesimama. "Ofisi imesema bomba litakuja." Tukimuuliza kama litakuja kweli, alisema, "Ofisi imesema," na njia ya kwenda kisimani akaendelea kuifyeka kama kawaida. Halafu bomba likaja. Alikwenda akaliona, akaweka mkono chini ya maji, akarudi, akakaa katika kila nyumba ya nyumba zake, na katika kila nyumba akaomba maji na kuyanywa yote. Alipofika kwangu, nyumba ya mwisho njiani, tumbo lilikuwa limevimba na pumzi inakatika. Mume wangu alimwambia, "Balozi, hii yetu tuelewe tu bila kunywa." Hakukubali. Naandika haya ili ijulikane kwamba kukaa kwake hakukuwa kwa msiba peke yake.

Mtu huyu aliyepima maneno ya watu wote, ya kwake mwenyewe hakuyapima hata kidogo. Alikula kwake, akapita kwangu, akaapa kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Alivuna mkungu wa ndizi wa kawaida, nikauona, na kabla ya jioni ulikuwa umebebwa na wanaume wawili na mmoja ameteguka kiuno. Akionja rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndiyo usiseme, chui wote wa Biharamulo walikuwa wamemkimbia. Uongo wa namna hiyo aliusema akiwa anatembea, hakusimama wala hakukaa, na alipoona hatuamini alitoa karanga akazitafuna peke yake.

Desturi yake ilikuwa na hasara pia. Mwaka mmoja alikuja kusimama mlango hadi mlango akisema, "Nasikia ng'ombe wanakufa upande wa Bukiriro." Nasikia. Watu wakamsikia, wakaendelea kuchunga pale pale walipochunga, na ng'ombe wetu wakakutana na wa Bukiriro mtoni kama siku zote. Walipokwisha kufa, baba mmoja aliyebaki na kamba mkononi alimwendea akamfokea mbele yetu. "Ungekaa! Ungekaa tu siku moja, tungeamini!"

"Ningekaa juu ya nini?" Balozi akasema. "Sikuwa nimeona hata ng'ombe mmoja."

Wengi hatukumsemesha kwa muda. Hakuonekana kujali, ingawa mkewe alituambia usiku hapati usingizi.

Siku aliyoleta habari ya vita mume wangu alikuwa juu ya paa. Tulikuwa tumeezeka upande mmoja, nyasi za upande wa pili zimelala uani. Balozi akasimama chini, kichwa kimeinuka, kiganja kimeshika ukuta.

"Ofisi imesema wanaume waliopitia mafunzo ya mgambo wafike kesho asubuhi, kila mtu na blanketi lake."

"Ni vita kweli, Balozi?"

"Redio imesema ni vita."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi sijaviona."

Mume wangu akacheka, akamrushia konzi ya nyasi. "Basi nikirudi nitakaa mimi, nikusimulie, na wewe utasimama." Balozi naye akacheka, akatoa nyasi kwenye koti. Asubuhi mume wangu alikunja blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, akamshika mama yake mikono, akamshika kichwa mtoto wetu Anjelina, akapanda lori pamoja na wenzake. Alikuwa amegeuka kuongea na mtu, kwa hiyo nilichokiona mwisho ni mgongo wake.

Paa likabaki nusu. Mvua zilipokaribia Balozi alikuja bila kutumwa na mtu, akapanda, akaezeka upande uliobaki. Alifanya kazi wiki ile yote, na alipomaliza alishuka, akasimama mlangoni, akatuambia redio imesema majeshi yetu yamevuka mpaka.

Vita vikaisha. Hilo nalo alilileta amesimama. Waliorudi walirudi, wengine na makoti ya jeshi, wengine wanachechemea, na mama mkwe wangu kila aliposikia lori alitoka hadi barabarani na kibuyu cha maji. Wa kwetu hakushuka. Balozi alikwenda ofisini kuuliza, akarudi, akashika mwimo. "Ofisi imesema hajulikani alipo." Alitembea hadi Bukiriro kumtafuta mtu aliyekuwa na mume wangu katika kikosi kimoja, akarudi na matope magotini. "Nimeambiwa na mtu wa Bukiriro, na yeye aliambiwa na mwenzake, kwamba mumeo alibaki upande ule."

"Alibaki maana yake nini?" nikamuuliza.

"Alisema alibaki. Mimi sikuliongezea."

Nilirudi kuchambua maharage. Watu walitegemea nilie, na mimi mwenyewe nilitegemea hivyo, lakini nilikuwa nimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nililima, nikapika, nikamchana Anjelina nywele. Ukinibonyeza hapa au pale nilijua tu kwamba nimebonyezwa.

Maneno yaliendelea kuja. Inasemekana ameonekana hospitali Mwanza. Nasikia ameoa huko Uganda. Eti amepoteza fahamu, hajui kwao ni wapi. Balozi hakutuficha hata moja. Aliyaleta yote, kila moja na uzito wake, na kwa hili la mwisho alitema mate. Mama mkwe aliyapokea yote sawa. Kila jioni alitenga ugali wa mwanawe kwenye sahani ya bati, akaufunika, na asubuhi Anjelina aliupeleka kwa kuku. Mashemeji zangu walipotaka tuweke matanga, tunyoe, tulie, tumalize, nami nijue kama mimi ni mke au mjane, yeye aliwasikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Balozi hajakaa." Ukoo wote ulijua maana yake, na hakuna aliyethubutu kuanza kilio cha mtu ambaye Balozi hajamkalia.

Nikawa nakichukia kile kigoda. Kilikuwa karibu na mlango, kimeng'aa kwa kukaliwa na kila mtu isipokuwa yeye. Kila nilipoyasikia makatambuga yake njiani niliomba akae, na papo hapo niliomba asikae. Alipokwisha kusema na kuondoka nilihisi sikujaliwa lolote kati ya niliyoomba. Kaka yangu aliyekuwa Biharamulo aliniita niende kwake na mtoto nianze maisha. Ningemwacha nani na yule bibi, na sahani yake?

Nilimwuliza Balozi siku moja, tukiwa wawili tu, kwa nini asitusaidie. Alinielewa mara moja.

"Mama Anjelina, nikikaa leo, kesho mumeo akishuka kwenye lori, nitawaambia nini?"

"Utasema ulikosea."

"Siku ile nitakuwa nimewafukua wafu wote niliowahi kuwakalia. Yule wa mti. Wote. Watu watasema labda nao nilikosea." Akachezea karanga mfukoni. "Mimi sina kitu kingine, mama. Sina ng'ombe, sina shule. Nina kukaa na kusimama."

Sikumuuliza tena.

Mama mkwe akaanza kudhoofika. Mkeka wake akausogeza mlangoni ili aone njia, chakula akawa anaonja tu, lakini sahani ya mwanawe aliidai kila jioni. Asubuhi moja, mvua ikinyesha, aliniambia nimwite Balozi. Alikuja upesi, maji yanachuruzika kwenye koti, akashika mwimo mahali pake. Kiganja chake kilikuwa kimeacha alama pale, weusi wa miaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Miguu haikuumi?"

"Inaniuma, mama."

"Mimi nakwenda," mama mkwe akasema. Alisema kwa Kihangaza, taratibu, kama anayeagiza chumvi. "Nataka kuuliza kitu kimoja. Nikifika huko nimtafute? Au nitakuwa nimemwacha huku?"

Nilikuwa karibu na moto, nikamwona Balozi anatazama mvua, kisha anatazama chini. Halafu akauachia mwimo. Akainama, akavuta kigoda, na sauti ya miguu ya kigoda kwenye udongo ilinipanda mgongoni. Akakaa. Hakunitazama.

"Mama Anjelina, naomba maji."

Nilikwenda kwenye mtungi. Mkono wangu ulichota maji vizuri bila kumwaga. Nilimpa kikombe, akanywa yote, akakiweka chini.

"Nilimwona," akasema.

Mama mkwe alijiinua kwa kiwiko. "Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Ameumia?"

"Alikuwa amelala. Walimfunika vizuri, na blanketi lake lile la mstari mwekundu. Mtafute huko, mama."

Mama mkwe alilia. Sijui mwili ule mdogo ulikuwa umeyaweka wapi machozi yote yale. Majirani walianza kuja mvuani, maana kuna mtu alikuwa amepita akamwona Balozi juu ya kigoda. Hakuna aliyeuliza Balozi alimwona wapi na lini. Mimi nilijua, na nadhani nao walijua, kwamba Balozi hakuvuka mpaka hata siku moja. Siku za vita alikuwa juu ya paa langu. Nilimpenda sana saa ile, na nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa ametumia kitu chake chote na mimi hakikunifaa. Kwangu mimi alikuwa bado amesimama.

Tuliweka matanga. Tulinyoa. Mama mkwe akaacha kutenga sahani, akala ya kwake, na akaishi hadi mavuno, kisha akaenda bila shida. Nilikuwa mjane mbele ya watu, na ndani nikabaki pale pale. Balozi hakuja tena mlangoni kwangu. Hakuenda kwa mtu yeyote. Wiki ile ile ya matanga alikwenda ofisini akasema watafute balozi mwingine, na alipoulizwa sababu alisema amechoka. Baada ya mkewe kufariki binti yake alimchukua, akahamia Bukiriro.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimepeleka maharage Bukiriro, na mtu akanielekeza nyumba. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, Anjelina ana watoto. Balozi alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, amevaa koti lile lile, miguu imevimba, na macho yake yameingia ukungu mweupe. Nikasema shikamoo. Akaitikia, akainamisha kichwa kuisikiliza sauti, akanitambua.

Tuliongea habari za mvua na za migomba. Alisema mkungu wake wa mwaka jana ulitaka wanaume watatu. Akaniambia hajala tangu asubuhi, na sahani yenye mabaki ya ndizi ilikuwa pembeni yake, nzi wanaitembelea. Halafu mikono yake ikaanza kupapasa koti.

"Mama Anjelina."

"Naam, mzee."

"Hujasikia lolote?"

"Lolote la nani?"

"La baba Anjelina. Hakuna aliyekuja akasema? Hata inasemekana tu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Kila lori likisimama hapo njiani namtuma mjukuu akaangalie nani ameshuka. Huwa najiambia, leo anashuka, ananiuliza uliniona wapi."

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyebaki nikingoja peke yangu. Nilitazama barabara. Hapakuwa na lori. Sikuwa na habari yoyote, sikuwa nimeona kitu, sikuwa nimekwenda mahali popote zaidi ya shamba langu na soko. Kulikuwa na kigoda karibu na mlango, cha binti yake. Nilikivuta kwa nguvu kidogo, ili miguu yake ilie kwenye sakafu, na nikamwona Balozi anageuza sikio na mikono yake inatulia.

Nikakaa.

"Mzee," nikasema, "naomba maji."